Bakuli la Mama wa Shamba la Kahawa

Siku ile tulikuwa wanne ndani ya nyumba: mimi, mdogo wangu Atupele, na wageni wawili wa mradi wa maji, Klara na Jonas. Waulize wote, kila mmoja atakueleza alichokiona. Sina sababu ya kutunga.

Ilikuwa Ihanda, kijiji cha huku Mbozi. Nilikuwa nikijitolea kwenye mradi, nikiwapikia wageni na kuwatafsiria lugha ya kijijini. Niliacha shule darasa la sita wazazi walipofariki, na Atupele, wa mwisho wetu, nilikuwa naye popote. Alikuwa darasa la nne.

Wiki moja kabla, Klara alipewa bakuli la maharage na mama mmoja kutoka shamba la kahawa la jirani. Tulikula, yalikuwa matamu. Kesho yake Klara akakutana na yule mama njiani, akamrudishia bakuli.

Nikamuuliza aliweka nini ndani. Akacheka. "Nimeliosha vizuri, dada. Ulitaka nilirudishe chafu?"

Sasa utamwelezaje mgeni kwamba chombo cha jirani hakirudi kitupu? Nikajisemea nitapeleka unga Jumamosi. Lakini kuanzia siku ile, niamini, kila tulichojaza kilikutwa kitupu: ndoo za maji, debe la unga, hata chupa ya chai iliyofungwa. Jonas alimtania Atupele kwamba ndiye panya wetu. Mtoto akalia.

Jumamosi mchana mvua ikanyesha kubwa. Mlango ukagongwa, nikafungua. Alikuwa yule mama, na kitenge chake kikavu kabisa. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Je, uliwahi kumwona mama wa Mbozi asiyeitikia shikamoo?

Akanyoosha bakuli. "Mwanangu, chombo changu kilirudi kitupu."

Nikasema naleta unga. Akatikisa kichwa. Alikuwa anatazama nyuma yangu, alipokaa Atupele na daftari lake.

Nikajaza mlango kwa mwili wangu. "Mkubwa hapa ni mimi. Deni ni langu, si la mtoto."

"Lini?"

"Akimaliza shule, njoo unichukue mimi."

Akaliweka bakuli kizingitini, akaondoka. Jonas alikuwa dirishani. Alishangaa kwa nini nasema na mvua. Klara alitazama kutoka jikoni: yeye alimwona. Majirani wakatuambia yule mama, mwenye shamba lile, alizikwa kabla wageni hawajafika.

Wageni walirudi kwao mwezi uleule. Bakuli ninalo hapa Mlowo. Nimelijaza unga, chumvi, hata kahawa. Asubuhi nalikuta tupu, limeoshwa.

Kwa hiyo wewe, ukiletewa chakula na jirani, weka chochote ndani ya chombo chake kabla ya kukirudisha, hata chumvi kidogo. Usimwachie mgeni kazi hiyo.

Atupele yuko kidato cha nne. Anafanya mtihani wa mwisho mwaka huu.