Unguti ni Nani?

Saa mbili kasorobo asubuhi, chai haijamiminwa, Auleria Nampota ameshakaa mbele ya kompyuta katika ofisi ya kampuni moja ya magari ya maji, Kinondoni. Anafungua faili la makosa na kulisoma kwa macho ya mwenye duka aliyepewa noti anayoitilia shaka.

Leo faili ni tupu. Ajabu ni kwamba hafurahi.

"Kompyuta ikinyamaza sana mie naogopa," anasema. "Kimya kingi kina mshindo mkuu."

Ana sababu. Februari mwaka huu wa 1999, kimya cha namna hiyo nusura kimtoe mtu kazini.

Auleria, mwenye miaka 29, ni mzaliwa wa Masasi na anaishi Tandika. Analipwa Sh95,000 kwa mwezi kutunza mfumo ambao makarani wa matawi huufungua kwenye kompyuta zao kuandika oda za wateja. Karani anajaza fomu, anabonyeza, skrini inajibu: "Asante, oda imepokelewa." Gari linapeleka maji.

Ila oda za mtaa wa Ving'unguti zilikuwa zinayeyuka. Watu walikaa na ndoo tupu siku tatu, nne, kisha wakaja juu katika tawi la Buguruni. Mkurugenzi, Mzee Abdulrahman, akakusanya stakabadhi zao thelathini na saba. Zote zilikuwa na sahihi ya karani mmoja, Chausiku. Za mwenzake Mudathir zilifika salama, hata za Ving'unguti hiyohiyo.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mzee akasema. Aliamini Chausiku anazifuta ili maji yauzwe kwa njia za panya. Akampa wiki moja ajieleze au aondoke.

Chausiku, mama wa watoto wanne na karani kwa miaka kumi na sita, alijibu neno moja tu: "Niliandika."

Auleria naye hakumwamini, na anakiri bila kupepesa macho.

"Nilimshuku, tena sana. Ila nilimshuku na yule fundi aliyetengeneza mfumo kabla yangu. Kosa likitokea, programu yake inalimeza, halafu inamwambia karani asante. Asante ya nini sasa?"

Akaandika programu ndogo, akaiweka katikati ya fomu na ghala la oda, pale kompyuta inapozihifadhi. Anaiita bawabu. Kila oda hupita kwake. Ikikwama, bawabu anaidaka, anamwambia karani ukweli kwamba haijaingia, kisha anaandika kwenye faili saa, jina la karani na neno lililoikwamisha.

Siku ya tatu faili lilikuwa na makosa matano, yote ya Chausiku. Na kila mstari ulilalamikia neno lilelile: unguti.

Mzee Abdulrahman aliruka kitini. "Unguti ni nani? Ndiye anayeuza naye maji? Mwiteni huyo mwanamke!"

Chausiku akaja. Auleria akamwamkia, "Shikamoo dada," naye akaitikia kwa shingo upande.

"Huyo Unguti simjui," akasema.

Auleria akamwomba aandike oda moja mbele yao. Akaandika polepole, kama alivyofundishwa shuleni: Ving, ile alama ndogo ya juu, kisha unguti.

"Jamani!" Auleria akashika kichwa. "Unguti si mtu!"

Kwa mashine, alama ile ilikuwa ishara ya kufunga neno. Ilisoma Ving, ikadhani jina limekwisha, ikakuta unguti linaning'inia, ikaitupa oda nzima. Mudathir, mtu wa haraka, huandika Vingunguti tu. Aliyekaribia kufukuzwa ndiye pekee aliyejua kuandika.

"Basi muandike wote kama Mudathir, yaishe," mzee akaamua.

"Siandiki," Chausiku akasema. "Nimeitwa mwizi kwa kuandika sawasawa. Sasa mnataka nikosee ndiyo niwe mwema?"

Mzee akainamisha kichwa, akamwomba radhi. Siku hiyohiyo Auleria aliifunza mashine kusoma ng'.

Mpango wake sasa ni kumweka bawabu kwenye kila fomu ya kampuni. Lakini analolitamani hasa ni dogo zaidi, na anaanza kulieleza simu inapolia. Ni Chausiku, kutoka Buguruni. Hupiga kila anapoandika oda ya Ving'unguti.

"Imeingia kweli, au mmenishukuru tu?"

Auleria anatazama ghala. "Imeingia, dada."

Anarudisha simu taratibu.

"Natamani siku moja asipige."