Nyuma ya Marobota ya Pamba

Juzi, rafiki yangu, nilipita stesheni ya zamani ya Shinyanga. Kijana mmoja aliyekuwa akiipiga picha akaniambia, "Shikamoo bibi. Jengo hili ni urithi wetu." Nikaitikia marahaba; la urithi nikamwachia mwenyewe. Jengo lile nalichukia mpaka leo.

Nililelewa na bibi mzaa mama, enzi za mkoloni. Baba alichimba dhahabu Geita; kazi ilipokwisha akajiandikisha manamba, akakate mkonge Kilosa, na mama akamfuata. Garimoshi lao kutoka Mwanza lingesimama kwetu kidogo tu. Bibi hakuwa amemwona binti yake kwa miaka, na waliokwenda mkonge hawakurudi upesi. Alichemsha matobolwa ya viazi tangu alfajiri, akakaanga karanga, akavaa kaniki mpya. Njia nzima harufu ya zile karanga ilinitesa, lakini sikuthubutu kuomba.

Shida ilikuwa moja. Usukumani wakati ule mama mkwe na mkwewe wa kiume hawakutazamana usoni. "Mkwe ni jua," bibi alizoea kusema, "unaota joto lake, humkodolei macho." Garimoshi lilipoingia na makelele yake ya kibabe, baba ndiye aliyesimama mlangoni, mama nyuma yake. Bibi akajibanza nyuma ya marobota ya pamba.

"Ng'wanone, mwanangu, kimbia, mwambie baba yako ajifunike."

Nilikimbia. Baba, Mungu amrehemu, hakuuliza swali. Alichuchumaa pembeni, akajifunika blanketi gubigubi. Bibi akatoka na kapu lake, karibu anakimbia. Ndipo nyapara, jitu la kofia na kiboko, alipoliona blanketi. Manamba walikuwa na tabia ya kutorokea stesheni.

"Unajificha uende wapi, wewe?" Akalivuta, akamkaba baba shingo, akamsimamisha mlangoni. "Simama hapa nikuone!"

Bibi akageuka, akarudi nyuma ya marobota. Mama alimwita mama yake, "Mayu! Mayu!" mpaka filimbi ikapigwa. Mwenye nguvu mpishe, tukapisha. Kapu tulirudi nalo.

Mama alifia Kilosa kwa homa. Baba alirudi peke yake, akaketi nje. Bibi akamsalimu kutoka ndani, ukuta katikati, kisha akauliza, "Mkwe, siku ile ya stesheni, alikuwa amekonda?" Baba alilia tu.

Siku hizi wakwe wanakumbatiana hadharani na kucheka. Mila ile imekufa, manamba na manyapara hawapo tena. Watu wa rika langu huyalilia ya kale. Mimi nina hasira tu, kwamba hayo yalichelewa kufa.