Dawa Niliyompa Kuku wa Susu

Harufu ya mbaazi mbichi zikitokota hunirudisha Kanyangi, jikoni kwa Susu, nyanya yangu, nilipokuwa na miaka kumi. Moshi ulitutoa machozi, nyuzi za katani zilining'inia ukutani, naye alisuka kiondo huku akinitania. Kwetu Ukambani mjukuu akipewa jina la babu yake, nyanya humwita mume. Basi mimi, kamasi hadi mdomoni, nilikuwa mume wa mtu. "Mume wangu, kuni ziko wapi? Nitarudi kwetu!" Nami nilimjibu, "Rudi, lakini chungu kibaki."

Kila asubuhi mume huyo alimezeshwa tembe chungu kama mwarobaini. Ni ya kifua, aliambiwa, tangu mama yake afariki. Waswahili husema mficha maradhi kilio humfichua, lakini Susu hakuwa Mswahili. Alificha miaka minne. Msimu huo kuku wake mweupe akaanza kukohoa. Nikawaza: kifua ni kifua. Juma zima nilibana tembe chini ya ulimi, kisha nikamsukumia kuku kooni nyuma ya ghala. Siku ya saba Susu akanifumania, kuku kwapani, tembe kidoleni.

Nilingoja fimbo. Haikuja. Aliketi palepale mchangani, kiondo kikamwanguka.

"Mke hamfichi mumewe," alisema polepole. "Hiyo si ya kifua. Una virusi vya ukimwi. Ulizaliwa navyo, mama yako mwenyewe hakujua. Tembe hiyo inavizuia visiongezeke, ili magonjwa mengine yasikuingie. Ukiacha kumeza, utanifanya mjane mara ya pili."

Nikamtazama kuku kwapani mwangu. Nikauliza, "Na kuku je?"

"Kuku ana mdondo, maradhi ya kuku, mjinga wewe!"

Akacheka, na cheko likageuka kilio katikati. Nikaipangusa tembe mate ya kuku, nikaimeza mbele yake, kavu, bila maji.

Sasa niko kidato cha tatu. Mbaazi za bwenini zina wadudu, na hakuna anayeniita mume. Tembe nameza mwenyewe, bila kusimamiwa. Likizo nikirudi, namkuta Susu na vidonge vyake vya presha, kiondo mapajani, macho yamefifia. Zamu imegeuka.

"Mke wangu, umemeza?"

"Muulize kuku," ananijibu.