Miezi Minane Bila Joho

Hakuna mtu Muyinga anayeijua mahakama kama mimi. Miaka nenda rudi nawauzia mawakili chai mlangoni. Ndani nimeingia mara moja tu, kufuata vikombe vyangu.

Saa tatu asubuhi, leo naingia tena. Wakili Kulthumu Abubakari anavaa joho lake jeusi. Nyuma yake amekaa Salima, mjane kutoka kijiji cha Buhinyuza. Mumewe aliuawa vitani, na sasa shemeji yake analitaka shamba. Kesi inaamuliwa leo.

Joho hilo lilikaa msumarini miezi minane. Kila mwaka mawakili hutakiwa wawe wamehudhuria mafunzo kufikia tarehe fulani. Anayekosa hasemi mahakamani mpaka ayamalize. Mara ile, msafara wa magari uliowapeleka mafunzoni Gitega, pamoja na askari wake, ulirudishwa njiani na risasi. Mawakili wengi wa Muyinga, Kulthumu akiwemo, wakaikosa tarehe.

"Hata vita haikuwa udhuru?" nilimwuliza siku zile.

"Walinipa pole, mama. Joho hawakunipa."

Akarudi dukani kwa baba yake kupima vitenge. Watu waliingia, wakauliza habari za talaka, wakatoka bila kununua hata leso. Salima alikataa wakili mwingine.

"Mi nakungoja wewe, dada," alimwambia. "Wale wengine iko marafiki wa shemeji."

Mafunzo yalipotangazwa tena, Kulthumu alipanda lori la maharage hadi Gitega. Wiki nzima alisoma katika darasa la watoto mtaani Mushasha, magoti yakigonga meza.

Sasa Maître Parfait, kama tunavyowaita mawakili hapa, anasimama; ndiye wakili wa shemeji, naye pia aliikosa tarehe ile.

"Bwana Jaji, huyu mama hana ruhusa ya kusema. Cheti chake ni cha kununua. Mi nilikuwa Gitega wiki nzima, sikumwona."

Salima anajiziba mdomo kwa kanga. Kulthumu anatazama chini. Mabega yanamtikisika, wala halii.

Jaji, aliyehamia hapa juzi kutoka Gitega, anauliza taratibu: "Maître, nani aliwafundisha?"

"Profesa wa Bujumbura, Bwana Jaji. Mzee wa ndevu nyeupe. Anafundisha vizuri sana."

Jaji anajipapasa kidevu kilichonyolewa.

"Nilikuwa mimi," anasema. "Toka siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Maître Kulthumu, tuambie habari za shamba la Salima, tunakusikiliza. Maître Parfait, wewe vua joho."

"Labda nilikaa nyuma sana, Bwana Jaji," anasema Parfait, mkono tayari uko kwenye kifungo cha joho.