Aliyekuwa Macho ya Padre Fintan

Costancia hakuajiriwa kutazama sarafu. Aliajiriwa kupika na kufua kwenye nyumba ya mapadre, Kilosa, mwaka ule ule aliofiwa na mumewe akabaki na binti mmoja, Neema. Lakini Padre Fintan, mzee kutoka Ireland aliyestaafu pale baada ya miaka arobaini ya kubatiza na kuzika watu wa milimani, alishikwa na presha ya macho. Nuru ikawa inampungukia mwezi hadi mwezi.

Misa aliijua kwa moyo. Kilichomuuma ni sanduku lake la mbao. Humo zilikuwamo sarafu za shaba ambazo wenye maduka wa kwao walijitengenezea zamani, chenji ilipoadimika, kila mmoja akichapa jina lake na la mji wake. Alizikusanya tangu ujana, na sasa alikuwa hazioni.

"Mama Neema," alimwita siku moja kutoka barazani, "njoo uniazime macho."

Basi akaanza kufundishwa. Alijifunza kuhesabu nyuzi za kinubi kilichochorwa kwenye sarafu, na kusoma majina yaliyofutika kwa kuyainamisha kwenye jua la asubuhi. Alijifunza pia kuzitambua za bandia. Ya kweli iligongwa kwa nyundo, Padre alimwambia. Ya kughushi ilimiminwa kwenye kalibu, ndiyo maana uso wake una vitundu kama vya kitumbua, na ukingoni kuna mshono mwembamba pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. "Macho yakikudanganya, uliza ukucha." Costancia aliishia darasa la saba, lakini baada ya miaka minane alikuwa hakosei.

Moja tu Padre hakuwahi kuipata: ya mwenye duka wa mtaa aliozaliwa yeye mwenyewe. Zilizosalia duniani, alisema, hazijazi kiganja. Pasaka ya mwisho kaka yake aliipata huko kwao akamtumia. Wakati huo Padre haoni hata dirisha, na figo zilikuwa zimeshamlaza kitandani. Costancia akaifungua bahasha, akaisogeza kwenye mwanga. Mshono aliuona mara moja.

"Sema, Mama Neema. Ukingo ukoje?"

Costancia aliitazama mikono ya yule mzee ikingoja juu ya shuka.

"Laini, Padre."

"Na uso?"

"Safi. Jina linasomeka lote."

Akanyoosha mkono, akapewa. Akapitisha ukucha wa dole gumba ukingoni, taratibu, akaizungusha, akarudia. Akaifumba kiganjani.

"Basi ndiyo yenyewe," alisema. "Asante, mwanangu. Andika kwenye daftari: halisi."

Costancia akaandika. Siku kumi baadaye walimzika.

Ndugu zake waliomba sanduku lirudishwe kwao liwekwe makumbusho, likapelekwa. Haukupita muda, barua ikaja kutoka huko. Zote ziko sawa, isipokuwa ile adimu kuliko zote, iliyoandikwa halisi, ni bandia. Kaka wa marehemu akaapa kwamba yeye alinunua ya kweli, tena kwa mtu mwaminifu.

Paroko mpya, Padre Melkizedek, akamwita ofisini.

"Mama, mwandiko huu ni wa nani?"

"Wangu, Padre."

"Ufunguo wa sanduku alikaa nao nani?"

"Mimi."

"Sasa ya kweli iko wapi?"

"Ya kweli haikuwahi kufika. Iliyokuja ni hiyo hiyo. Nilimdanganya, Padre. Alikuwa anakufa."

"Ulimdanganya padre anayekufa, halafu unataka mimi nikuamini?"

Hapo ndipo ilipomjia Costancia, amesimama mbele ya meza ile, kwamba hakumdanganya mtu. Ukucha ule, uliopita mara mbili, usingeweza kuukosa mshono. Padre Fintan alijua, akaupokea ule uongo kama mgonjwa anavyopokea uji asioutaka, ili aliyeupika asivunjike moyo. Lakini shahidi wake wa hilo alikuwa kaburini.

"Hatutakupeleka polisi," alisema Padre Melkizedek, wala si kwa ukali. "Acha funguo za nyumba hapo mezani."

Neno likafika sokoni kabla yake. Jumuiya iliyokuwa ikisali kwake kila Jumamosi ikahamia nyumba nyingine, bila mtu kumwambia. Hata Neema, aliyekuwa sasa mwalimu Msowero, alipokuja aliuliza, "Lakini mama, kwa nini hukusema tu kwamba ni bandia?" Costancia akamwongezea chai.

Siku hizi anaishi Ruhembe kwa mdogo wake, anapalilia miwa ya watu. Msimu uliopita kijana mmoja wa kundi lao, Samwel, jembe lake lilifukua kitu cha duara. Akakifuta kwenye suruali, akaja mbio.

"Shikamoo, mama. Nimesikia wewe unazijua hizi."

"Marahaba." Alikitazama kikiwa bado kiganjani mwa kijana. Ilikuwa heller, senti ya enzi za Mjerumani, ina taji, na ilikuwa ya kweli. Hakuhitaji hata kuigusa.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Waulize wengine."

Akainama, akaendelea na mstari wake.