Makochi Nje ya Nyumba za Mount Druitt

Shemeji yangu Athumani alisema sitamaliza hata baridi moja. Alilisema hilo Kihonda, Morogoro, mbele ya watu, siku aliyoniazima sanduku lake la magurudumu.

"Wewe unayechemshiwa maji ya kuoga mwezi wa Desemba ndiyo ukaishi Australia? Utarudi na kikohozi na koti la mtumba. Sanduku langu tu ulirudishe."

Watu wakacheka, ila walionichangia nauli hawakucheka sana. Dada yangu Rehema, ambaye ndiye mkewe, alikuwa ameweka kiwanja chake rehani kwa ajili yangu, naye alitazama chini. Kwa hiyo nilikuwa na kazi moja: kurudi na stashahada ya huduma za wazee, nimtazame machoni kila aliyenikopesha. Niwaambie mapema, nimerudi nayo. Imetundikwa sebuleni kwangu, katika nyumba yenye bati la msauzi, lile la bei kali, niliyoijenga kwa jasho langu. Anayetaka kuiona aje, nitampa na soda.

Sydney nilifika mwezi wa Juni, wakati kule ni baridi. Mwenyeji wangu alikuwa Bahati, Mkongo wa Uvira, mpakizi wa mizigo katika bohari moja. Alinipokea uwanja wa ndege, tukapanda treni hadi Mount Druitt, mbali kabisa magharibi mwa jiji. Tuliposhuka ilikuwa saa kumi na moja jioni na giza lilikuwa limekwisha kuingia.

Mtaa wake ulikuwa kimya. Nyumba zimejipanga, magari mlangoni, majani yamekatwa, lakini hakuna mtu, hakuna redio, hakuna harufu ya kitunguu kinachokaangwa. Kisha nikaona makochi. Nyumba ya kwanza, makochi mawili na godoro, nje kwenye majani. Ya pili, meza na kitanda cha mtoto. Ya tatu, kabati lililoachwa wazi. Mtaa mzima ulikuwa hivyo. Kwetu makochi yakitolewa nje, maana yake sebuleni imetandikwa mikeka na wafiwa wamekaa chini. Nilijiuliza ni ugonjwa gani uliopita hapa, na kwa nini hasikiki hata mtu mmoja anayelia.

"Kaka Bahati," nikashusha sauti, "poleni sana. Msiba huu ni wa nani?"

Bahati alicheka mpaka akashika ukuta. "Hakuna mutu alikufa, ndugu yangu! Njo desturi ya hapa. Wanatosha bintu bya zamani inje, gari ya halmashauri inakuja kubeba. Hata kitanda utalala leo, niliokota kule kule."

Nikacheka naye, ila usiku sikustarehe juu ya kile kitanda. Ukutani, juu ya mto, unyevu ulikuwa umeotesha ukungu mweusi wenye umbo la mtu aliyelala ubavu. Bahati aliufuta kwa dawa kila Jumapili. Kufikia Ijumaa mtu yule alikuwa amerudi.

Asubuhi yake nilitazama dirishani. Nyumba ya mkabala ilikuwa imefungwa mapazia, na nje palikuwa na kiti kimoja kikubwa cha kuegemea, chenye bonde la mgongo wa mtu. Vitu vya nyumba nyingine vilitupwa ovyo. Kiti hiki kilikuwa kimegeuzwa, kinaitazama nyumba.

"Mimi nakwenda kutoa pole," nilimwambia Bahati.

"Weye! Nilikwambia hakuna kilio. Na hapa watu hawabishaki hodi hivi."

Nilikwenda. Nimelelewa. Nilibisha muda mrefu, nikajua kuna mtu ndani kwa sababu pazia lilipumua. Mlango ulifunguka kidogo, akatokea bibi wa Kizungu aliyevaa koti ndani ya nyumba yake mwenyewe. Nilimwambia kwa Kiingereza changu kizuri kwamba mimi ni jirani mpya na nimekuja kumpa pole ya msiba.

Alinikazia macho. "Nani amekuambia?"

"Kiti," nikasema.

Akaufungua mlango wote. Aliitwa Joyce. Mumewe, Ron, alifia katika kiti kile kabla ya Krismasi. Mtaani hakuna aliyejua. Joyce alikiacha ndani miezi yote hiyo, mpaka juzi aliposhindwa kupita mbele yake, akakitoa.

"Wewe ndiye mtu wa kwanza kuja," alisema.

Ndani ya nyumba ile niliziona pumzi zetu. Hita ilikuwapo, imefunikwa kitambaa kama picha ya marehemu. Alichovya kifuko kimoja cha chai katika vikombe viwili. Nilipomchekesha aliziba mdomo kwa kiganja, nami nikaona kwa nini: meno ya mbele hayakuwapo. Kuanzia hapo nikaanza kuviona viganja vile kila mahali. Maskini wa kule ana gari, ana simu, viatu vyake vizima. Mtafute mdomoni, maana jino bei yake haishikiki.

Nilirudi kwa Bahati, nikakuta kile kiti kiko sebuleni kwetu. Amekivuta mwenyewe, amekifuta, ana furaha.

"Kiti ya mfalme! Weye utasomea hapa."

Nikamweleza. Akajikuna kichwa, akasema tukikirudisha nje mvua itakiharibu. Basi kikabaki, karibu na dirisha.

Huko St Marys, kituo kimoja mbele, ndiko kilikokuwa chuo changu. Jirani yake palikuwa na maktaba. Ilijaa watu tangu ilipofunguliwa, na nilidhani nimefika nchi ya wasomi, hadi nilipoona kwamba mzee wa meza ya pili hafunui kurasa. Wengi hawakufunua. Walikuja kwa ajili ya joto, gazeti likiwa limeshikwa tu. Saa ya kufunga walitoka bila kuagana, kila mmoja akaenda kwenye nyumba isiyo na taa.

Alfajiri nilikuwa nasafisha ofisi katikati ya jiji. Kule taa ziliwaka katika ghorofa zisizo na watu, hewa ya moto ikivuma juu ya viti vitupu. Nilikuwa napiga deki peke yangu katika joto lile nikimwaza Joyce na koti lake. Niliporudi na treni, niliwaona wazee waliosafiri hadi mwisho wa reli, na treni ilipogeuza wakageuza nayo. Hawakuwa na pa kwenda. Ndani ya behewa kulikuwa na vuguvugu.

Jioni moja Joyce alikuja mlangoni na koti zito la sufu.

"Lilikuwa la Ron. Nakuona ukisoma unatetemeka."

"Unanionaje, bibi?"

Akaelekeza kidole kwenye dirisha lake jeusi. Alikuwa anazima taa mapema kuokoa umeme, na gizani hakuwa na cha kutazama ila sebule yetu. Kila jioni alikaa akikiangalia kiti cha mumewe, na mtu ndani yake.

"Sikupi, nakuazima," alisema. "Ukimaliza masomo, nirudishie."

Bahati hakulipenda jambo lile. "Unakaa kiti ya mufu, unavaa koti ya mufu, bibi yake anakuangalia. Weye huogopi?"

Niliogopa. Lakini ningerudi Kihonda mikono mitupu, kiwanja cha dada kingekwenda, na Athumani angecheka mpaka kaburini. Nilivaa, nikakaa, nikasoma. Kabla ya kuzima taa nilipunga mkono kuelekea dirisha lile jeusi. Sikuona kama kuna aliyejibu.

Matokeo yalipotoka nilikuwa miongoni mwa wa juu darasani, na walimu watathibitisha. Nililikunja koti, nikavuka barabara moja kwa moja kutoka kituoni.

Vitu vya Joyce vyote vilikuwa nje kwenye majani. Meza, vikombe viwili, hita bado na kitambaa chake. Mwanamume mmoja alikuwa anapakia meza kwenye gari.

"Mwenye nyumba yuko wapi?" nikamuuliza.

"Sijui, rafiki. Si vya kuchukua hivi?"

Nilibisha nyumba za pembeni. Jirani mmoja alisema alisikia bibi amefariki hospitalini. Mwingine hakujua kama kulikuwa na bibi. Nikabaki nimesimama pale na koti la watu, na msiba huu haukuwa na mlango wa kubisha.

Nilirudi Morogoro nimelivaa. Athumani aliniona stendi akapiga makofi. "Sikusema mimi? Koti la mtumba!" Sasa nina kituo cha kuhudumia wazee, nimeajiri watu, Rehema kiwanja chake anacho, na kila aliyenichangia amepokea chake na shukrani juu.

Siku niliyomlipa wa mwisho nilirudisha na sanduku la Athumani, limesafishwa. Kisha nikaanza kutoa makochi yangu mapya nje. Majirani walikuja mbio, wanawake wakijifunga khanga viunoni.

"Nani kafariki?"

"Jirani yangu," nikasema. "Anaitwa Joyce. Na mumewe, Ron. Hawakukaliwa matanga."

Nilitandika mikeka, nikaliweka koti katikati. Athumani alilishika, akalipima uzito, akaangalia bitana iliyoshonwa upya kwa mkono.

"Kumbe ndilo lile la mtumba," alisema taratibu.

"Si la mtumba, shemeji. Ni la kuazima."

Alivua viatu, akashika upande wa pili wa kochi lililobaki, tukalitoa. Halafu akakaa chini wa kwanza, akanipa mkono.

"Pole, shemeji."

Na wengine nyuma yake, mmoja mmoja, wakanipa pole.