Mwezi Mwekundu Niliomwahidi Kogo

Wacha nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka, maana ile aibu niliyojiletea pale kwetu Kapsoit bado inanifanya nipite njia ya nyuma nikienda dukani, na hakuna aliyenituma, ni mdomo wangu tu.

Kogo, yaani nyanya yangu aliyenilea, ana presha ya macho, na daktari alikuwa ametuambia (kwa upole, lakini alituambia) kwamba kinachopotea hakirudi. Sasa jioni ile mwezi ulipopatwa ukawa mwekundu kabisa, mimi niliuona nikiwa Kedowa kwa shangazi, huku Kapsoit mawingu ya mvua yalikuwa yameziba kila kitu, kogo akakosa. Nilipomwonyesha picha aliishika simu karibu na pua, akanirudishia.

"Hii simu ni ndogo," akasema. "Huo mwezi utafanya hivyo tena lini?"

Hapo ningesema sijui, yaishe. Lakini mimi nimesoma bwana, nikakumbuka kwamba mwezi hupatwa ukiwa umejaa, nikaona basi ukijaa tena utapatwa tena, nikamwambia, "Mwezi ujao, kogo. Tutauangalia pamoja."

Akafurahi mpaka akawaambia kina mama wa maombi wote. Jioni yenyewe wakaja na viti na thermosi za chai, na mzee wa kanisa pia, na jirani yetu Mama Akinyi anayefanya kazi kiwanda cha chai kule bondeni, wakajipanga uani kama watu wa harusi. Mwezi ukatokea juu ya shamba la chai, mviringo, mweupe, safi. Tukangoja. Chai ikaisha, na mwezi bado mweupe.

"Kama ni kila mwezi," mzee akauliza, "mbona sisi hatujawahi kuona?"

"Hamkuwa mnaangalia," nikamjibu (Mungu anisamehe, mtu wa umri ule!).

Mama Akinyi akatoa simu, akasoma, akaniangalia kwa huruma. "Chebet, wanasema lazima mwezi ujae, ndiyo, lakini si kila ukijaa. Njia yake imeinama kidogo, mara nyingi unapita juu ama chini ya kivuli cha dunia. Hata jua ni hivyo hivyo, linapatwa siku zile mwezi hauonekani, lakini si kila mara. Leo hakuna kitu, mama."

Watu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nao huku natafuta pa kujificha. Ndipo kogo akainua mkono.

"Nyamazeni. Mimi nauona. Ni mwekundu. Kongoi, Chebet. Asante sana."

Kidole chake kilikuwa kimeelekea bondeni, kwa ile taa ya rangi ya chungwa ya geti la kiwanda. Mwezi ulikuwa upande wa pili, juu ya bega lake.

Kicheko kikakatika. Nilijua macho yake yanapungua, sikujua yamefika hapo, na nililia mbele ya watu wote nikiwa bado nimeshika kikombe. Mzee wa kanisa akakohoa, akasema, "Kweli mama, ni mwekundu," na kina mama wakaitikia mmoja mmoja.

Tangu siku hiyo nimeapa, kitu nisichokijua nasema sikijui, hata nikiulizwa na mtoto. Ila wageni wakija, kogo huwaeleza vile mjukuu wake alimwonyesha mwezi mwekundu, kisha ananigeukia, "Ama si hivyo, Chebet?"

Nami namjibu, ndiyo kogo, ulikuwa mwekundu kabisa.